Maziwa Yaliyopimwa

Mama mkwe wangu hakuwahi kuchemsha maziwa. Kwao, milimani kule Kivu ya Kusini, ukichemsha maziwa ya ng'ombe wako umemloga mwenyewe: chuchu zinapasuka, anakauka. Alikimbia vita akaja na imani hiyo mpaka Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na alipopata ng'ombe mmoja mwekundu wa kwake, nani angemwambia kitu? Mimi ni mtoto wa wakulima wa mihogo. Mambo ya ng'ombe nilikuwa nayasikia tu.

Kila asubuhi mume wangu alipeleka maziwa kwa baiskeli hadi Rwekubo, kwenye tangi la kukusanyia. Pale alikuwepo mpimaji, Mnyankole mwenye koti jeupe. Alitumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea; kikizama kupita kiasi, umetia maji, na unarudishwa mbele ya watu wote. Kisha alichanganya maziwa kidogo na spiriti aone kama yameanza kuchacha. Ya kwetu hayakurudishwa hata mara moja. "Ya maama yako iko safi kabisa," alimwambia mume wangu, na mama akizipata salamu hizo, jirani gani angepumzika siku hiyo?

Nilipopata mimba, baada ya miaka ya kuitwa tasa, huyo mama alinishika kama yai. Alinikataza kubeba maji na jembe. Asubuhi aliniletea kikombe cha maziwa kingali na joto la ng'ombe. Nesi wa kliniki alikuwa ametuambia tuchemshe, nami nikamwambia mama. Alicheka.

"Hiyo ni ya watu benye kununua maziwa fasi yote, hawajue ng'ombe yake. Yetu bameipima Rwekubo. Kunywa, binti yangu."

Nikaona ana akili kuliko nesi. Kama maziwa yana ubaya, si mpimaji angeuona? Kazi yake nini?

Mimba yangu ilipokuwa na miezi sita, ng'ombe naye akatupa ya kwake. Mama alizika ndama nyuma ya nyumba, akanuna wiki nzima, akasema ni jicho la watu. Mume wangu aliingiwa na wasiwasi. Alimwomba mpimaji apime tena vizuri, na kipimo kikaelea palepale. "Safi." Basi tukaendelea kunywa.

Homa ilianza jioni jioni. Viungo viliuma, jasho lililowesha godoro. Nilimeza dawa za malaria, sikupona. Damu ilipotoka walinipeleka hospitali ya Mbarara. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia.

Daktari aliniuliza kama tunachemsha maziwa.

"Hapana," nikamjibu. "Tunakunywa ya kupimwa."

Akamwambia mume wangu alete maziwa ya yule ng'ombe kwa daktari wa mifugo. Majibu yalipotoka nilikuwa nimeweza kusimama, nikasema nataka kuyaona kwa macho yangu. Nilisimama mbele ya meza ya huyo daktari wa mifugo na kanga ya hospitali kiunoni. Katika kichupa chembamba maziwa yalikuwa meupe, na juu yake, kwenye utando wa mafuta, dawa ya kupimia ilikuwa imeacha pete ya buluu.

"Ni ugonjwa wa kutupa mimba, nyabo," alisema. "Ng'ombe anautoa kwenye maziwa, na mtu anaupata."

"Na yule wa Rwekubo?"

"Yule anapima maji na kuchacha tu. Maziwa yakifika kiwandani yanachemshwa."

Kwa hiyo hakutudanganya. Alipima kile mnunuzi alichotaka kujua, na walioko mjini wakanywa salama. Sisi tuliofuga tukanywa neno "safi". Nilikuwa na hasira naye, na mama, na ng'ombe, na mimi mwenyewe. Hasira hiyo haijaisha, na sitaki mtu aniambie ni mapenzi ya Mungu.

Tulipofika nyumbani mume wangu alimweleza mama yote. Hakubisha. Alikwenda kukamua, akarudi na maziwa, akawasha moto nje na kuinjika sufuria mbele yangu. Ng'ombe alikuwa amefungwa palepale, anatazama. Mama aliangalia maziwa yakipanda, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, kwa sababu kwa imani yake alikuwa anamuua ng'ombe wake kwa mkono wake. Aliyaacha yachemke mpaka yakaungua chini. Kisha akanimiminia kikombe, akapiga magoti, mkubwa kwangu, mimi mkwe wake.

"Nimechemsha," alisema. "Kunywa sasa."

Nilikipokea. Sikuweza kunywa, sikuweza kumwaga. Maziwa yangu mwenyewe yalikuwa yameshuka tangu Mbarara, na blauzi ilikuwa imelowa mpaka tumboni.