Siku Gauni Langu Liliposomwa kwa Sauti

Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize, na jambo lenyewe nimelinyamazia miaka yote hii si kwa kulisahau, bali kwa sababu kila nikilikumbuka uso unaniwaka, aibu na hasira pamoja, hata sijui kipi kinatangulia. Mimi, mwalimu mwenye cheti, niliwahi kusomwa makalio mbele ya mgeni rasmi. Ndiyo, kusomwa. Mmesikia vizuri.

Nilikuwa nafundisha shule moja ya msingi upande wa Vihingo, Kisarawe, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Asubuhi nilikuwa na watoto wa madarasa ya chini kwa kuchora na kazi za mikono, na alasiri nilikuwa na mama zao na bibi zao kwa elimu ya watu wazima. Nilikuwa bado msichana, nimetoka zangu Songea, na nilipenda rangi. Kupenda rangi si kosa! Nilivaa blauzi ya njano na sketi ya zambarau, kichwani kitambaa chekundu, masikioni hereni za mbegu nilizotoboa mwenyewe, na watoto waliniita Mwalimu Kasuku wakidhani sisikii, nami nilikuwa nasikia na moyoni nafurahi. Aliyekuwa hafurahi ni mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Kibwana, mtu wa suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe, ambaye kila nikipita mbele ya ofisi yake alikuwa ananiambia, "Mwalimu Melania, hapa ni shule, hapa si ngomani."

Sasa, karatasi za kuchorea hazikuwepo. Rangi za dukani hazikuwepo. Nikasema watoto wangu hawatakaa mwaka mzima wakichora hewani, nikawafundisha kutengeneza rangi zetu wenyewe: njano ya bizari, nyekundu ya mbegu za mzingefuri, nyeusi ya masizi ya sufuria, nyeupe ya chokaa, na zote tunazikoroga na uji wa muhogo ili zishike. Zilikuwa rangi nzuri kweli (kama hamniamini basi, lakini zilikuwa nzuri). Tatizo likabaki, tutachora juu ya nini? Nikaenda kwa Mwalimu Kibwana. Stoo ya shule ilikuwa na viroba vitupu vya kitambaa, vile vya unga wa njano wa msaada uliotumika kuwapikia watoto uji, na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ufunguo akiwa ameushika hivi, alinitolea vinne akasema, "Chukua hivi, Mwalimu, panya wanavimaliza bure." Maneno hayo yashikeni, mimi nimeyashika mpaka leo.

Viroba vilikuwa vimepigwa chapa ya herufi kubwa nyeusi. Tukavichemsha na maji ya majivu, vitatu vikatoka vyeupe safi, watoto wakachora humo tembo, majembe, samaki wenye kope na basi lenye abiria wanaotabasamu wote. Cha nne kikakataa. Nimechemsha, nimesugua, nimeanika, herufi ziko palepale zinanitazama. Na siku hizohizo tukaambiwa kuna mgeni rasmi anakuja kutoka wilayani kuona maendeleo ya kisomo cha watu wazima, nami nikapata wazo, tena nikalipenda sana: nitashona gauni kwa michoro ya watoto wangu, nilivae siku hiyo, mgeni aone shule isiyo na karatasi inavyoweza kufanya kazi. Viroba vitatu vikatosha mbele, kifua na mikono. Kwa nyuma, chini ya kiuno, ilinibidi niweke kile cha nne.

Basi hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa. Badala ya kukichemsha mara nyingine, nilichukua rangi nzito ya bizari na chokaa nikapaka ua kubwa la njano juu ya herufi zote, zikafunikwa kabisa, nikajitazama kwenye kioo cha jirani (kilikuwa kidogo, ilibidi nijitazame vipande vipande) nikaona nimependeza. Na nilikuwa nimependeza!

Siku ikafika. Madawati ya walimu yalikuwa yamesuguliwa kwa maji asubuhi ile, bado mabichi, na mimi nikakaa juu ya moja wakati wote wa hotuba ya Mwalimu Kibwana, na nyie hamjui hotuba za Mwalimu Kibwana, alianza na historia ya kijiji, akarudi nyuma zaidi, akaja mbele, akaomba maji akanywa, akaanza upya. Nilihisi ubaridi nyuma. Nikajua ni jasho. Sikujua kuwa ua langu lote lilikuwa linahamia kwenye dawati.

Nikaitwa kuonyesha somo. Nikasimama, nikatembea mpaka ubaoni kwa maringo yangu yote, darasa la watu wazima limekaa mbele yangu, wazazi wamejaa madirishani, mgeni yuko pembeni kwenye meza yake yenye kitambaa cheupe kilichotariziwa maua. Nikageukia ubao niandike sentensi. Nikasikia watu wamenyamaza ghafla, nikadhani ni mwandiko wangu.

Mgeni akasema, "Yule bibi pale mbele. Hebu simama bibi, tusomee unachokiona."

Bibi Tatu akasimama. Bibi Tatu alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote, mwanamke mzee aliyeanza kwa kushika chaki kama anashika mwichi wa kutwangia, na kwa mwaka mzima alikuwa akija darasani na vumbi la shamba miguuni, hakukosa. Sentensi ubaoni ilikuwa haijaisha. Kwa hiyo akasoma kilichoisha.

"Ma... li. Mali. Ya. Se, ri, ka, li. Mali ya serikali!" Akavuta pumzi. Mimi bado naandika, najiuliza amepata wapi maneno hayo. "Ha, i, u, zwi. Haiuzwi! Mali ya serikali haiuzwi!"

Kicheko kilichotoka mle ndani sijawahi kukisikia tena maishani. Watoto madirishani walishikana shingo. Wazee wazima waliokuwa wakinisalimia kwa heshima waliinamia fimbo zao wakicheka. Nikageuka nione wanacheka nini, na kugeuka huko kukawaonyesha waliokuwa madirisha ya upande wa pili, nao wakaanza. Maskini Bibi Tatu akadhani wanamcheka yeye, akasema kwa uchungu, "Mbona mnacheka, kwani nimekosea? Si ndivyo ilivyoandikwa pale, matakoni pa mwalimu?"

Jamani.

Nikapapasa nyuma, vidole vikatoka na njano. Nikatazama dawati, ua langu liko pale, zima, limepumzika. Ningeweza kufa kwa aibu nikaishia hapo, ingekuwa nafuu. Lakini mgeni hakuwa anacheka. Alisimama akasema, "Mwalimu, kiroba cha serikali umekipata wapi? Na unga uliokuwa ndani uko wapi?"

Miaka ile swali hilo halikuwa mchezo, watu walikuwa wanafukuzwa kazi kwa pungufu ya hapo, wanaitwa wahujumu uchumi, na jina hilo likikushika halikutoki. Nikamtazama Mwalimu Kibwana aseme. Aseme tu! Neno moja! Yeye akatazama bati la paa, akakohoa, akasema, "Hata mimi nashangaa, Ndugu Mgeni Rasmi."

Anashangaa! Mtu aliyenifungulia stoo!

"Mwalimu Mkuu," nikamwambia, "si wewe uliyenipa viroba vinne ukasema panya wanavimaliza?"

"Mwalimu Melania, usinitafutie lawama mbele ya mgeni. Mimi nimekuonya mara ngapi juu ya mavazi yako?"

Mavazi yangu! Hapo aibu ikaniishia mwilini yote, ikabaki hasira tupu. Mgeni alikuwa ameshaanza kusema gauni lile ni kidhibiti na litabidi liende naye wilayani, nami macho yangu yakaangukia kwenye kile kitambaa cha meza yake. Mtu aliyekaa na viroba wiki nzima, akivichemsha, akivisugua na kuvishona, hawezi kudanganywa na maua ya uzi mwekundu. Nilikijua kile kitambaa kwa ufumaji wake. Sikuomba ruhusa. Nikakamata pindo, nikavuta.

Nilikusudia kukigeuza tu. Nilisahau kuwa juu yake kulikuwa na chupa mbili za soda, bilauri ya maji ya dafu na chungu cha maua kilichofinyangwa na darasa langu la tatu, na vyote hivyo vikaenda mapajani kwa mgeni rasmi, suti yake ya kijivu ikalowa toka kifuani hadi magotini, na ua moja likabaki limening'inia kwenye mfuko wa kalamu. Mimi nimesimama, kitambaa nimekinyanyua juu kwa mikono miwili, upande wa chini umewaelekea watu, herufi nyeusi zimekoza, hazikuguswa hata na maji ya majivu.

Na Bibi Tatu, ambaye hakuna aliyemwambia akae, akasoma, safari hii bila kukwama hata kidogo, "Mali ya serikali haiuzwi. Eeh, na hii nayo ni ileile!"

Mgeni akajifuta uso. "Na hiki, Mwalimu Mkuu?"

"Hicho... hicho ni mke wangu, Ndugu. Mambo ya wanawake."

Mmeona? Aliposhindwa kunitupia mimi lawama akamtupia mkewe! Ndipo akina mama wakachoka, mmoja akasema yeye anacho, kakifanya foronya, mwingine akamvuta mwanawe mbele akamgeuza, kaptura ina chapa, wote walipewa na Mwalimu Mkuu huyohuyo, na unga wenyewe watoto walishaunywa uji, kila mtu alijua. Mgeni akawasikiliza wote, maji yakimchuruzika, akasema jambo la viroba limekwisha. Bibi Tatu akaja kunifunga kanga yake kiunoni, akaninong'oneza, "Mwalimu wangu, lakini nimesoma vizuri?" Nikamwambia, "Umesoma vizuri sana, bibi." Na kweli alisoma vizuri, na yeye peke yake sikumkasirikia, hata leo.

Lakini mnajua nani aliadhibiwa? Mimi! Kwa viroba, hapana, kwa kummwagia soda mgeni, nikahamishiwa Kibaha kabla muhula haujaisha. Mwalimu Kibwana alibaki na ufunguo wake wa stoo na hotuba zake, mpaka akastaafu kwa heshima na kufanyiwa sherehe. Sikualikwa, na ningealikwa nisingekwenda. Nami nilipofika shule yangu mpya, siku ya kwanza kabisa, sijafungua hata mdomo, mtoto wa darasa la kwanza akanisalimia, "Shikamoo Mwalimu Haiuzwi." Nilipopata mchumba wazee wake walikuja nyumbani wakicheka peke yao mlangoni, na nilijua kwa nini.

Rangi sikuziacha, asije mtu akasema nilitishwa. Nimefundisha Kibaha mpaka nimezeeka, nimevaa kijani na chungwa, na hapa mtaani Tangini wananijua kwa hilo. Ila nguo yenye maandishi siivai tena, iwe kiroba, iwe fulana, hata kanga. Mkiniletea za harusi nawashukuru, nazitazama, nasoma, nazigawa. Nikiwa na la kusema nina mdomo, nitalisema mwenyewe, tena nikiwa nimewageukia.