Breki Mpya za Baba

Breki iliyoungua ina harufu yake, na ukishainusa huisahau. Si kama mpira unaoungua jalalani wala chuma kinachochomelewa. Ni ukali mkavu unaopanda puani na kukaa kooni, hata ukimeza mate unauonja. Niliinusa mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, katikati ya mashamba ya mkonge njia ya kwenda Maramba, mahali palipokuwa na kiwanja kidogo cha zamani ambacho ndege zilikwisha kukisahau. Baba na wenzake, wote wenye magari madogo ya mbio, waliomba ruhusa ya kukitumia Jumamosi moja moja. Hawakukimbizana. Kila mtu alizunguka peke yake: ananyoosha kwenye lami iliyochakaa, anakata kona kwa kufuata matairi yaliyopangwa pembeni, anarudi, na wenzake wanampimia muda. Gari la Baba lilikuwa jeupe, fupi, la milango miwili, lenye mlio mkubwa kuliko umbo lake. Kazini kwake bandarini Baba alikuwa karani mpole wa kuchomekea shati. Ndani ya gari lile alikuwa mtu mwingine, na mimi, nikisema kweli, nilimpenda yule mwingine zaidi.

Siku hiyo nilisimama na Mama mbali kidogo na kona ya mwisho. Baba akaja kwa kasi, taa za breki zikawaka, na gari halikupungua. Zikazimika, zikawaka tena, zikazimika, zikawaka. Hata mtoto angejua kuwa mtu aliyemo ndani anakanyaga na kukanyaga bila kupata kitu. Gari liliparamia matairi, likaacha lami na kuingia kwenye mkonge, likapotea. Mama hakupiga kelele. Alinishika mkono, akakimbia nao. Tulimkuta Baba ameketi, usukani bado anao mikononi, na jani la mkonge limepenya dirishani na kusimama sentimita chache kutoka jichoni pake, na mwiba wake mweusi nchani. Harufu ile ilikuwa imetanda kote. Baba akajaribu kucheka. Mama akaliangalia lile jani, akamwangalia yeye, na kicheko kikamfia mdomoni.

Tulirudi kwetu Raskazone, kando ya bahari, tukafika getini. Hapo Mama akasema, "Baba Saumu, sikukatazi. Niliolewa nawe nikijua ugonjwa wako. Lakini hutarudi kule na breki hizi. Utabadilisha, na utanieleza kwa nini hizo na si nyingine. Usije ukaniletea urembo." Mama alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na jibu lisilo na njia alikuwa halipi maksi hata nyumbani.

Basi zikaanza wiki za breki. Kila jioni barazani kwetu walikaa Baba na rafiki yake Shedrack, Msambaa wa Lushoto aliyeishi mtaa wa pili, mtu mwenye sauti ya kanisani na gari la bluu. Anko Shedrack alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza: Baba atafute kalipa kubwa, yaani ile kucha ya chuma inayozibana pedi kwenye diski, kutoka kwenye gari kubwa lililokatwa, pamoja na diski zake pana zenye matundu, azipake rangi nyekundu. "Bwana, mtu akikuona umesimama kwenye mataa ajue," alisema, na mimi nilimuunga mkono kimoyomoyo kwa sababu ya ile rangi. Ubaya wake, diski zile zisingeingia kwenye rimu za Baba, ingebidi rimu kubwa zaidi, na rimu kubwa zinataka matairi mengine, na gari jepesi lenye breki nzito mbele tu linafunga magurudumu ya mbele huku ya nyuma hayana habari. Baba aliyajua hayo yote, lakini alizitamani. Nilimwona akizitamani. Alikuwa akikaa akiangalia rimu za gari lake kama mtu anayewaza kujenga ghorofa.

Aliyemtoa kwenye ndoto ni Mama. Jioni moja alitoka jikoni na mikono ya unga, akasimama mlangoni. "Siku ile," akauliza, "ulipokanyaga, pedeli ilikuwa ngumu au ilizama?" Baba akafikiri. Pedeli ilizama mpaka chini, akasema, laini kama anakanyaga godoro. "Ingekuwa ngumu na gari halisimami?" Hapo, Baba akajibu polepole, kosa lingekuwa la pedi kuzidiwa na joto. Ikizama, ni mafuta ya breki yamechemka ndani ya mipira inayoyapeleka kwenye magurudumu, na mvuke haubani kitu. "Sasa diski kubwa itazuia mafuta ya zamani yasichemke?" Mama akauliza, akarudi kwenye chapati zake bila kungoja jibu.

Kwa hiyo Baba alichagua vitu visivyoonekana. Mafuta mapya ya breki, ya aina inayovumilia moto. Pedi ngumu za mbio, zilizoletwa kutoka Dar kwa basi. Mipira iliyosukwa kwa waya isiyovimba. Diski mpya za mbele za ukubwa uleule, tambarare, bila tundu hata moja, na uwazi mdogo aliokata chini ya bampa ili upepo uzifikie. Anko Shedrack aliumia kabisa. "Umenunua breki za kumridhisha mkeo," alimtania. Ijumaa, siku moja kabla ya kurudi kiwanjani, Baba alinichukua tukaenda njia ya Kigombe kuzizoesha: anaongeza mwendo, anakanyaga, anaachia, anaongeza tena, mpaka pedi na diski zikapatana. Kila alipokanyaga, mkanda ulinibana kifuani. Gari lilisimama kama limekamatwa kwa nyuma. Baba akanigeukia akiwa na uso wa yule mtu mwingine. "Unaona, Saumu?" Niliona.

Katika nyumba yetu alikuwepo pia Bibi, mama yake Baba, aliyekuja kutoka Kigombe baada ya babu kufariki. Bibi alikuwa na vita moja maishani, nayo ni kutu. Raskazone upepo wa chumvi haukuachii kitu: bawaba, misumari, sufuria, vyote vinakula chumvi na chumvi inavila. Dawa ya Bibi ilikuwa mafuta ya nazi aliyoyakamua na kuyachemsha mwenyewe. Kila alfajiri alipakaa ulimi wa mbuzi yake ya kukunia nazi, visu vyake, na baiskeli ya Baba mnyororo na yote, na ni kweli kwamba vitu vya Bibi viling'aa wakati vya majirani vimegeuka vumbi jekundu. Sasa diski mpya ya breki ikilala usiku mmoja karibu na bahari huamka na utando wa kutu. Si kitu, ukikanyaga mara mbili tatu unafutika. Baba alijua. Bibi hakujua. Jumamosi ile, Baba akiwa msikitini, Bibi aliona vyuma vipya vya mwanawe vimeanza kuliwa, akachukua kitambaa na kijiti, akapitisha kwenye nafasi za rimu, akazipaka diski zote mbili, kwa upole na bila kubakiza mahali.

Sisi hatukujua. Tuliondoka mapema, Baba na Mama mbele, mimi nyuma, Anko Shedrack akitufuata. Barabara ilikuwa tupu. Tulipokaribia njia panda, mwanamke mmoja alikuwa akivuka kwa baiskeli, amefunga khanga vizuri, mtoto mgongoni. Palikuwa na nafasi tele. Baba akakanyaga, na gari likaendelea kuteleza. Nilimsikia Mama akisema "Ya Rabi" kwa sauti ndogo sana. Baba akakanyaga kwa nguvu zote. Pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe na gari haliitiki. Akavuta handbreki, breki za nyuma zikashika, gari likageuka ubavu na kusimama likitazama tulikotoka. Yule mwanamke alipita. Sidhani hata alijua. Niliona kisogo cha mtoto wake, kofia ya sufu ya manjano, ikienda zake taratibu.

Baba alishuka, akachuchumaa kwenye gurudumu. Hapo sote tukaipata harufu, moshi mwembamba, mtamu, wa vitumbua. Baba alipitisha kidole, akanusa, akakaa palepale chini barabarani na suruali yake safi. Anko Shedrack alipofika akaelewa mara moja. "Tuzifute diski, pedi tuzichome kwa moto wa gesi, mafuta yatatoka," alisema. "Bado tunawahi." Mwezi mmoja nyuma Baba angekubali. Safari hii alitikisa kichwa tu. Pedi ikishanyonya mafuta huiamini tena. Tulirudi nyumbani kwa mwendo wa kutembea, handbreki mkononi.

Bibi alitupokea barazani. "Mbona mmerudi?" Kisha, kabla hajajibiwa, akasema kwa furaha, "Vyuma vyako n'livipaka, mwanangu. Chumvi ilishaanza. Mie nikaona haya, mtoto akatoke na vyuma vya kutu mbele za watu." Baba alimtazama. Nilisubiri aseme. Yule mtu aliyekuwa akipita kona kwa kasi ya kutisha alifungua mdomo, akasema, "Ahsante, mama. Gari limeharibika umeme kidogo."

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko ile ya mkonge. Gari liliegeshwa bila kutembea, na kila alfajiri Bibi aliendelea kulipaka, akinung'unika kwa mahaba. Mama alikuwa akimsikia kupitia dirishani na kufunga macho. Asingeweza kusema yeye. Mkwe kumwambia mavyaa wake kwamba karibu amuue mtoto wake, kwetu maneno kama hayo hayafutiki, yangesimuliwa misibani. "Mwambie," nilimsikia akimwambia Baba. "Ama uliuze gari, ama umwambie mama yako. Itafika siku mwanamke kama yule hatapita salama." Baba akajibu kwamba atasema kesho. Nilianza kuogopa asubuhi. Nilikuwa nalala nikiomba Bibi aumwe kidogo tu, asiamke alfajiri kupaka, kisha naomba msamaha kwa kuomba hivyo.

Hatimaye alisema, na sijui ni nini kilichomsukuma. Ilikuwa adhuhuri, Bibi anachambua mchele mkekani. Baba alikuja akaketi chini, mbele yake, akaanza na shikamoo ingawa walikuwa wamekwisha kuamkiana, na Bibi akajua pana jambo. Akamweleza yote: mafuta, diski, njia panda, mwanamke na mtoto. Hakuzungusha. Bibi aliuweka ungo chini. "Ningekuua?" "Ndiyo, mama." "Na yule mama wa watu na mwanawe?" "Nao." Bibi akalia, kwa sauti, kama mtoto, nami nikalia nyuma ya mlango. Kisha hasira zikampanda. Hakukasirishwa na kuambiwa. "Siku zote hizo mie napaka, nawe wanitazama! Wanipa ahsante! Mngenizika hivyo hivyo sijui kitu? Weye waniona mie sukari, n'tayeyuka?" Baba aliinama. Sijawahi kumwona mtu mzima akinyeshewa vile bila mwavuli.

Baba alirudi kiwanjani baadaye, na pedi nyingine. Bibi alikuja pia, mara yake ya kwanza, akaketi ndani ya gari la Anko Shedrack akiwa amefunika uso kwa khanga. Kwenye kona ileile taa nyekundu ziliwaka mara moja tu, gari likainama pua, likageuka. Mama alipumua. Bibi akauliza kutoka ndani ya khanga, "Limeshika?" Tukamwambia limeshika.

Leo kiwanja kile kimeota nyasi, Bibi hayupo, na gari langu mwenyewe lina breki zinazojipima na kunipigia kelele kabla sijaona hatari. Tulichokuwa tukikipigania kwa wiki kadhaa barazani, sasa kinakuja kimo ndani ya gari, na mtu hajui hata kama kipo. Sioni ubaya. Nisingependa mwanangu asimame pale niliposimama na Mama. Lakini zipo hatari ambazo hakuna chombo kinachozipigia kelele. Baba amestaafu na bado anaendesha. Sikukuu iliyopita alikuja kunipokea stendi, na tukielekea nyumbani akampita mzee mwenye mkokoteni wa maji karibu sana, pua na mdomo, bila kupunguza wala kuyumba. Nyumbani walikwisha kuniambia: macho yake yana ukungu, na hakuna anayethubutu kumgusia. Nilikaa na maneno mdomoni kwa mitaa kadhaa, nikitafuta namna laini ya kuyasema, na sikuipata, kwa sababu haipo.

"Baba," nikasema, "yule hukumwona."

"Nimemwona," akajibu upesi.

Tuliendelea kidogo. Kisha akawasha taa ya kuashiria, akaegesha pembeni polepole, akazima injini, na mikono yake ikabaki juu ya usukani.

"Nimemwona," akasema, "nilipokwisha kumpita."