Rungu Lililobaki kwa Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa viti. Sikupewa ofisi wala kalamu. Nilipewa viti vya plastiki, vingi hivi kwamba ukivipanga kimoja nyuma ya kingine kutoka Kajiado, cha mwisho kingegongwa muhuri wa forodha kule Namanga. Nilikuwa nimemaliza ngumbaru, yale masomo ya watu wazima ya jioni, na kwa furaha nilikuwa nimevaa tai. Afisa Mkuu wa Itifaki, mama mrefu mwenye sauti ya kengele ya kanisa, akaitazama ile tai, kisha akavitazama viti.

"Wewe, unajua itifaki ni nini?"

"Ni kuheshimu wakubwa, madam."

"Hapana. Ni kujua nani anakaa wapi, na nani anaongea baada ya nani. Kiti kimoja kikikosea, serikali inaanguka."

Vijana mnaosoma haya mtacheka. Lakini nilipanga viti mpaka nikastaafu, na serikali haikuanguka hata mara moja. Sijidai. Nasema tu.

Nilianzia Ngong, ambako upepo wa vilimani ulibeba hema la mkutano likiwa na mgeni rasmi ndani, au karibu hivyo. Nikahamishiwa Illasit, ambako wakulima wa nyanya walinifundisha kwamba hotuba ndefu kuliko foleni ya maji haisikilizwi. Mwisho nikaletwa mjini Kajiado, kwenye ofisi ya serikali ambayo siitaji kwa sababu ya chai yao, na nyumbani kukawa Kitengela. Huko ndiko mgomo wa madaktari ulinikuta.

Serikali huujibu mgomo kwa ngazi. Chama cha madaktari kikishatoa notisi ya mgomo, serikali huenda kortini kuomba amri ya kuusimamisha. Wakizidi kugoma, kila daktari hupelekewa barua ya kujieleza, yaani aeleze kwa nini asifutwe. Ngazi ya juu kabisa ni ilani ya mwisho: rudi kazini au toa vitu vyako kwenye kabati. Mkurugenzi wetu, bwana nadhifu aliyepigisha pasi hata leso, alikuwa amezipanda zote akabakiza hiyo moja.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kuiogopa. Mke wangu, Mama Soila, alikuwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo. Maumivu yakimshika alikunjika kama kisu cha mfukoni. Daktari wa upasuaji wa kumtoa yale mawe alikuwa mmoja tu hospitalini kwetu, Daktari Nekesa, dada wa Bungoma aliyepanga nyumba mtaa wa nyuma yetu. Hospitali ya kulipia hatukuiweza hata kwa kuuza ng'ombe ambao hatukuwa nao. Jina la Daktari Nekesa lilikuwa la kwanza kwa wale wa kufutwa, kwa kuwa ndiye aliyewasemea wenzake.

"Usimkasirikie huyo msichana," Mama Soila aliniambia. "Mimi nimebeba mawe. Yeye labda amebeba mlima."

Mkurugenzi akapata wazo: ilani isomwe mbele ya wananchi, katika ukumbi wa mji, wazee wakiwa wenyekiti. Aliamini watu wenye wagonjwa nyumbani wangewazomea madaktari mpaka warudi wenyewe.

"Panga vizuri," akaniambia. "Daktari aongee kidogo, halafu mimi. Nikimaliza, hakuna mwingine."

Nikapanga. Serikali upande wa dirisha, madaktari upande wa mlango, katikati Mzee Parmuat, mwenyekiti wa wazee. Mzee huyu alikuwa na sheria yake katika kila mkutano. Anayeongea hushika rungu lake, *orinka* kwa Kimaasai. Asiye na rungu ananyamaza, hata akiwa nani. Na anayelipokea, kabla ya kusema lake, husema kwanza alichosikia kwa aliyemtangulia.

Siku hiyo ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wafanyabiashara wa mbuzi, walimu, akina mama wa Kisomali wa maduka ya nguo, wote walikuja na hasira zao. Mzee akasalimia, "Supai!" wakaitika, "Ipa!" Kisha akamwita Daktari Nekesa mbele na kumkabidhi rungu, lile jeusi lenye shanga shingoni.

Daktari akalipokea kwa mikono miwili. Akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya kwao.

"Ashe oleng, mzee. Asante sana. Sisi tunataka kurudi kazini, lakini kazi yenyewe irudi kwanza. Asanteni."

Akaenda akaketi. Na rungu lake mapajani.

Ukumbi ukanyamaza hivi kwamba nilimsikia nzi akijisafisha miguu. Mkurugenzi akasimama, akafungua karatasi yake, akakohoa.

"Mabibi na mabwana..."

"Rungu liko wapi?" Mzee Parmuat akauliza.

Mkurugenzi akamgeukia daktari. "Naomba hiyo rungu."

"Hii?" Daktari akalikumbatia. "Si mzee amenipatia?"

Watu wakaangua kicheko. Jamani, alidhani ni zawadi! Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi akapaza sauti, "Daktari, ukipewa sindano pia unaenda nayo nyumbani?"

Mzee peke yake hakucheka. "Enkerai ai," akamwambia, mwanangu, "kama bado unayo, basi hujamaliza. Maliza."

Nikamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akanitazama mimi. Katika itifaki yote niliyosomea hakukuwa na ukurasa wa jambo hilo.

Daktari akasimama tena, bila kicheko sasa. "Sawa. Nilikuwa nashona mama aliyejifungua kwa upasuaji. Stima ikapotea. Jenereta haikuwa na mafuta. Nesi akanimulikia na simu yake. Simu ikaita. Alikuwa landlord wake, anataka rent, na mshahara wetu ulikuwa haujaingia. Simu ikaita mpaka ikazima. Nikamaliza kushona kwa vidole, gizani. Huyo mama yuko hai. Lakini mimi siwezi kubahatisha mara ya pili."

Hapo hakuna aliyezomea. Daktari akampelekea Mkurugenzi rungu.

"Umesikia nini?" Mzee akauliza.

"Nimesikia kwamba madaktari wanataka mshahara."

"Daktari, ndivyo ulivyosema?"

"Nilisema hivyo pia. Sikuanzia hapo."

"Nimesikia kuna changamoto za vifaa."

"Hilo neno sijalisema kabisa," akajibu daktari.

"Mkubwa, hata mimi nimesikia na siko na masikio mazuri!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. Mzee akamnyamazisha kwa kidole, kwa sababu hakuwa na rungu.

Mkurugenzi akatoa leso yake ya pasi, akajifuta, akaanza upya, polepole. "Nimesikia kwamba stima ilipotea. Jenereta haikuwa na mafuta. Nesi alimulika na simu..." Alipofika pale simu ilipozima, akaishusha karatasi yake. "Akashona kwa vidole, gizani."

"Ndiyo," daktari akasema. "Ndivyo."

"Sasa sema lako," Mzee akamwambia.

Mkurugenzi akaikunja ile ilani, akaitia mfukoni, akatugeukia sisi wa ofisi yake. "Nani anatia sahihi ya mafuta ya jenereta?"

Siwadanganyi kwamba mgomo uliisha papo hapo. Walikwenda kwenye meza ya mazungumzo wakavutana, na mimi niliwapangia viti. Lakini hakuna aliyefutwa, na mwishowe wakatia sahihi mapatano ya kurudi kazini. Kipengele cha kwanza kilihusu stima ya chumba cha upasuaji. Cha pili, mshahara.

Jambo moja bado linaniwasha. Je, kweli alidhani ni zawadi? Nilimuuliza asubuhi ya upasuaji wa Mama Soila, pembeni ya kitanda cha magurudumu.

"Baba Soila," akasema akivaa glavu, "kwetu mzee akikupa kitu, haulizwi." Na macho yake yakacheka juu ya barakoa.

"Mtamalizia hayo baadaye," Mama Soila akasema kutoka chini ya shuka. "Nitoeni mawe kwanza."

Yalitoka. Yako kwenye chupa kabatini, na wageni wote wa Kitengela wameonyeshwa, wapende wasipende. La kubwa ni kama yai la mbuni.

Nilipostaafu, Mzee Parmuat alikuja kwenye sherehe na kunipa rungu jeusi lenye shanga. Safari hii nilihakikisha. "Mzee, hili ni la kuongea au la kwenda nalo?"

"Nenda nalo," akasema.

Nikaenda nalo, nikalitundika sebuleni, nikijiona mkubwa wa itifaki hata nyumbani kwangu. Halikukaa ukutani wiki. Sasa linakaa mapajani mwa Mama Soila, na mimi mzee mzima, tai shingoni, nasimama mbele yake nikirudia alichosema mpaka nipatie.