Mwaka Ngeleja Alipogeuka

Mwaka 1994 kila mtu pale Zagayu anaukumbuka kwa lake. Wapo wanaotaja redio ilivyotangaza kwamba weusi wa Afrika Kusini wamepiga kura. Wengine watakuambia ndiyo mara ya kwanza pamba yao kununuliwa na matajiri wenye malori, chama cha ushirika kikibaki kutoa macho. Ngeleja hakuyajali hayo. Yeye kichwani alikuwa na Luhaga tu.

Wote wawili walikuwa manju wa ngoma, Ngeleja wa kundi la Wagalu na Luhaga wa wapinzani wao, Wagika. Kila baada ya mavuno walicheza siku moja, uwanja mmoja, kila mmoja upande wake, na aliyevuta watu wengi ndiye bingwa. Mwaka uliotangulia Luhaga aliwazoa wote, na tangu hapo Ngeleja aliumwa wivu, wivu hasa. Mtu akimsifia Luhaga kilabuni, yeye aliacha pombe yake na kuondoka.

"Baba Joyness," mkewe Nyanjige alimwambia, "huyo Luhaga ungemuoa tu tukapumzika."

Hakucheka. Alimswaga mtamba wake mzuri mpaka Bukundi kwa mganga, akarudi na dawa ya kuvuta watu. Ilikuwa na mwiko mmoja: asigeuke kumtazama mpinzani mpaka ngoma iishe.

Siku ikafika. Ngeleja alianza kwa kishindo, watu wakamzunguka mpaka vumbi likawafunika. Akaonja utamu alioungoja mwaka mzima. Kisha duara likaanza kulegea, akaondoka huyu, akafuata yule, na nyuma yake vikalipuka vifijo ambavyo hajawahi kuvisikia.

"Luhaga!" alisema moyoni, na moyo ukachacha. Ana nini yule mtu? Amekwenda kwa mganga gani?

Akatoa mchezo uliompa jina. Alirusha juu jembe lake la kuchezea ngoma, akazunguka, akalidaka kwa nyuma. Hakuna aliyeguna. Mbele yake walibaki vikongwe wawili na mbuzi. Hapo mwiko ukamshinda, akageuka.

Luhaga alikuwa amesimama peke yake na wapiga ngoma wake, jasho likimtiririka, akimkodolea yeye macho ya chuki.

"Nkoi, we mwenzangu, umewaficha wapi watu?" Luhaga alifoka.

"Mimi? Si wako kwako!"

Vifijo vikalipuka tena. Vilitoka nyuma ya duka la Hilali, mfanyabiashara wa Bariadi aliyewafuata wauza pamba akiwa na jenereta, televisheni na mkanda wa video. Kijiji kizima kilikuwa kimebanana pale, kimewapa mgongo. Ngeleja aliitambua khanga ya Nyanjige katika safu ya mbele.

Luhaga alifuta jasho, akaenda kuchungulia. Ngeleja akabeba jembe lake akarudi nyumbani. Njia nzima alijaribu kumchukia Luhaga kama jana, na hakuweza. Wivu ulikuwepo, tena mkali kuliko wa mwanzo, ila hakujua amwonee nani.

Nyanjige aliporudi alimkuta ameketi uani, njuga bado miguuni.

"Kuna nini huko?" Ngeleja aliuliza bila kumtazama.

"Watu wanacheza, ndani ya kisanduku."

"Wananishinda?"

Nyanjige alifikiri. Hakuwa mwanamke wa kudanganya.

"Hapana, baba Joyness. Ila hawachoki. Wakimaliza, Hilali anawarudisha, wanaanza upya."

Ngeleja akainama, akaanza kufungua njuga.