Ukuta Ndio Mstari Mnene

Kila nikimaliza kusali namwombea Fundi Shomari wa Kurui, na leo nawaambieni sababu.

Mimi ni mchora ramani za nyumba. Kwenye kompyuta kila mstari naupa rangi, na rangi ndiyo inayoamua unene: ukuta mnene, samani nyembamba. Maelekezo hayo hukaa kwenye faili lake. Siku ya kuchapisha ramani ya nyumba ya mteja wangu, Bi Mwanaidi, nililisahau nyumbani, kwa hiyo kompyuta ya steshenari pale Kibaha ikatumia unene wake yenyewe. Nikakunja karatasi bila kuitazama. Mtaalamu mzima, nitazame nini?

Siku tatu baadaye nikaenda saiti Mbwawa, shati limepigwa pasi, kupokea sifa. Vigingi na kamba tayari, mawe na saruji tayari, lakini Fundi Shomari amekaa tu juu ya tofali.

"Shikamoo, fundi. Mbona hamchimbi?"

"Marahaba, mwanangu. Eti, ukuta si ndio mstari mnene?"

"Ndio, fundi. Hilo nani asiyelijua?"

"Basi nimefuata minene. Chumba hiki ni futi tano kwa sita, hakina mlango. Nikasema, wasomi wana mambo yao. Ila nilipoona mito miwili ya kulalia imechorwa ndani, nikawazuia vijana."

Nilitamani kumkumbatia. Angechimba, ningehama mkoa.

Bi Mwanaidi, aliyekuwa amesimama karibu na vigingi, akaikunjua ramani, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mwanangu," akasema taratibu, "ulitaka nikijengee msingi kitanda?"