Saa Moja Niliyoisahau

Siku yangu ya kwanza kazini nilifanya upumbavu mmoja: niliuandikia mwezi utoke saa moja kabla ya wakati wake. Nilikuwa nimetoka tu sekondari, nina kalamu mbili mfukoni na majivuno ya kalamu kumi.

Kituo chetu cha hali ya hewa hapa Likasi kilitoa karatasi ya mwezi: kila siku mwezi unachomoza saa ngapi, na sayari ziko upande gani wa anga. Majedwali yalitoka Kinshasa, na saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kazi ya karani ilikuwa kuiongeza hiyo saa. Basi. Mimi nikanakili kwa mwandiko mzuri ajabu, nisiongeze kitu.

Wavuvi wa ziwa Tshangalele waliitegemea karatasi ile. Siku zinazofuata mwezi mpevu walitega nyavu giza likiingia, wakarudi kwa mbalamwezi, maana ziwa la bwawa limejaa visiki. Jioni moja mvuvi mmoja, Papa Mumba, aliungoja mwezi wangu. Haukuja. Akaona taa chini magharibi, akadhani ni ya mke wake ufukweni, akaifuata kwa kasia. Kumbe ni sayari Vénus, Zuhura, inatua! Mtumbwi ukapasukia kwenye kisiki. Alikikumbatia mpaka mwezi wa kweli ulipotoka na wenzake wakamwona.

Shefu wa Kituo aliniita.

"Unajua kuongeza moja?"

"Ndiyo, Shefu."

"Ile saa moja ulisahau, muntu alikuwa mu ndani yake."

Hakunifukuza. Alinituma Mwadingusha, kwenye ukuta wa bwawa, kupima kina cha maji, miaka miwili, mimi ambaye hata kulala kwa shangazi kulinipa homa. Niliporudi nilimkuta Shefu mpya, mpenda kueleza. Mwezi, alisema, huchelewa kila siku kwa karibu dakika hamsini. Vénus haiendi mbali na jua, kwa hiyo itafute magharibi jioni au mashariki alfajiri. Jupiter huzurura anga lote.

"Lakini weye, unaangaliaka juu?" aliniuliza.

"Majedwali yanatosha, Shefu."

Alicheka hadi akavua miwani. Nikaendelea hivyo hivyo hadi pensheni: fundi wa anga asiyetoka nje.

Siku hizi simu zinajua mwezi kuliko mimi. Ila Mama Mumba, mke wa yule yule mzee wa kisiki, amehamia jirani yangu, na haamini simu. Mwanawe anavua ziwa lile lile. Kila mwezi namwandikia karatasi. Naongeza ile moja, nakagua mara tatu, nalala, kisha naamka kukagua kama aliyekagua ni mimi.

Juzi kijana alikuwa majini. Nilikuwa nimeandika saa mbili kasoro dakika kumi. Saa ya ukutani ikafika hapo, ikapita. Nikafunga pazia bila kuchungulia nje, nikatandaza majedwali mezani, nikaanza kujumlisha upya, jasho likidondokea tarakimu. Je, niliongeza? Au niliongeza mara mbili?

Dirisha likagongwa. Mama Mumba, mikono kiunoni:

"Papa, mwezi iko inatoka nyuma ya muti yangu ya avoka, sawa vile uliandika. Toka inje uiangalie, uache kuitafuta mu karatasi!"