Bi Ndimu Aajiriwa Kununa

Mama huyu alizaliwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa. Midomo ilishuka pembeni, nyusi zilikaribiana kama majirani wanaosengenya, na macho yalikutazama kana kwamba umeshakosa, imebaki tu kujua kosa lenyewe. Siku ya harusi yake mpiga picha alimwomba atabasamu, akamwomba tena, mwishowe akamgeukia bwana harusi na kumnong'oneza, "Huyu amekubali kweli?"

Alikuwa amekubali, tena kwa moyo mweupe. Shida yake ilikuwa kwamba furaha ilimjaa tele ndani lakini njia ya kutokea usoni haikuiona.

Alifanya kazi ya umatroni katika bweni la wasichana mpaka akastaafu, na katika maisha yote hayo hakuwahi kushika fimbo. Ya nini? Akitokea mlangoni, kimya kilikuwa kimeshatangulia. Wasichana walimbandika jina la Bi Ndimu, naye alilijua, likamchekesha sana, ndani kwa ndani. Maana alipenda utani kuliko watu wanavyodhani, ila utani wake ukitoka ulifika kwa watu kama amri. Jioni moja aliwaambia, "Atakayechelewa kulala leo atafua mashuka ya mwalimu mkuu." Asubuhi mwalimu mkuu alifungua mlango akawakuta wasichana wawili wamesimama na karai.

Baada ya kustaafu alikaa nyumbani na mumewe, fundi redio mwenye maneno mengi, na binti yao wa pekee alikuwa ameshaolewa. Siku moja alimsindikiza mdogo wake hospitali kupima macho. Akakaa kwenye benchi la korido, akasubiri. Koridoni hapo hapo palikuwa na kitengo cha utafiti wa magonjwa ya wasiwasi na sonona, na daktari aliyekiongoza, kijana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alipita mara ya kwanza, akapita mara ya pili, akaona jambo. Benchi lilikuwa na nafasi, lakini wagonjwa walisimama.

Akamkaribia taratibu, kama mtu anayemkaribia ng'ombe asiyemjua.

"Samahani, mama. Una hasira?"

"Sina."

"Kuna mahali panauma?"

"Hapana. Namsubiri mdogo wangu."

"Kwa hiyo hivyo ndivyo... yaani siku zote uko hivyo?"

"Mwanangu, kama unataka kunitukana nitukane, usizunguke mbuyu."

Daktari akaketi, akamweleza. Mtu akitishika, mwili humwaga homoni kwenye damu, na dalili zake huonekana hata kwenye mate. Kwa watu wengi homoni hiyo hupanda, kisha hushuka. Kwa wenye ugonjwa wa wasiwasi, au sonona, mara nyingine mambo huenda kombo: huenda ikakawia kushuka, au hata isipande inavyotakiwa. Wao walitaka kujua ni kwa nini, ili siku moja watibu vizuri zaidi. Lakini ili kuyaona hayo, lazima kwanza mtu atishike kidogo, kwa ridhaa yake, na bila kuumizwa.

"Hatuwezi kumfungulia mtu simba," daktari alisema. "Kwa hiyo tunamsimamisha mbele ya watu wawili wenye makoti meupe. Ajieleze kama aliye kwenye usaili wa kazi, halafu afanye hesabu kwa sauti. Hao wawili hawacheki, hawaitikii, wanamtazama tu. Tulikuwa na nesi mmoja, lakini ana huruma mno. Anatikisa kichwa, anatabasamu. Juzi alimnong'oneza mtu jibu."

"Kwa hiyo mnatafuta simba."

"Niwie radhi, mama. Ndiyo."

Bi Ndimu alifikiri kidogo. Moyoni alikuwa anacheka mpaka mbavu zinamuuma. Usoni hapakutikisika hata unyusi.

"Kazi inaanza lini?" akauliza, na daktari akajua amepata.

Mumewe aliposikia aliweka chini bisibisi. "Kununa? Watu siku hizi wanalipwa kwa kununa? Na mimi niliyefanyiwa bure tangu siku ya harusi, mate yangu atayapima nani?"

Chumba cha kazi hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na meza, viti viwili, kamera juu ya miguu yake mitatu, na mstari wa utepe wa gundi sakafuni ambapo mshiriki alisimama. Kifuani alifungwa mkanda wa kupima mapigo ya moyo, na kabla na baada alitafuna kipande cha pamba ili mate yake yapelekwe maabara. Pembeni ya Bi Ndimu alikaa mwanafunzi wa udaktari. Washiriki waliitwa kwa namba, majina yakabaki kwenye kabati la daktari. Naye Bi Ndimu aliapishwa kwamba atakachokiona humo kitabaki humo, na kwamba akiingia mtu anayemjua, ainuke papo hapo na kutoka.

Maneno yake yalikuwa machache. Mshiriki akinyamaza, aseme: "Bado una muda. Endelea." Akikosea hesabu, aseme: "Umekosea. Anza upya."

Basi tu. Lakini yaliwasaga watu! Alikuja dalali wa nyumba, mtu ambaye ulimi wake ungeweza kumuuzia samaki maji. Alijieleza vizuri mpaka macho yake yalipogongana na ya Bi Ndimu, akasahau alikuwa anauza nini. Alikuja mwalimu wa hisabati akashindwa kutoa. Kila walipomaliza, daktari aliingia na chai, akawaeleza kwamba yale yote yalipangwa, kwamba hawakushindwa mtihani wowote, na kwamba mama huyu alikuwa anaigiza. Wote walimgeukia Bi Ndimu kwa mashaka.

"Kweli ulikuwa unaigiza, mama?"

"Kidogo," alijibu.

Daktari alifurahi mno. "Mama, tangu umekuja, michoro yetu inapanda kama mlima!" Bi Ndimu alirudi nyumbani anatembea kama waziri. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa umepata kazi inayolingana nao.

Sasa, huyu mama alikuwa na donge lake moja, nalo ni mkwewe. Binti yake alikuwa ameolewa na mpima ardhi, kijana mrefu, mpole, lakini tangu ndoa hakuwahi kumaliza mlo nyumbani kwa wakweze. Chakula kikishapakuliwa, simu yake inalia, anaomba radhi, anatoka nje, harudi mpaka vyombo vimeoshwa. Bi Ndimu alikwisha kata shauri. "Yule ana majivuno," alimwambia binti yake. "Chakula changu kinamchafua roho." Binti alitetea, kisha akachoka kutetea.

Asubuhi moja, mlango wa kile chumba ukafunguliwa, mshiriki akaingia na mkanda wake kifuani, akasimama kwenye mstari, akainua uso. Alikuwa mpima ardhi.

Bi Ndimu alikumbuka kiapo, akaanza kuinuka. Kumbe kuinuka kwenyewe ndiko kulikomaliza mambo, maana kijana aliona simba anakuja. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Daktari!" aliita. "Daktari, hii siyo haki!"

Daktari aliyekuwa chumba cha pili akitazama mashine alikuja mbio.

"Nilikwambia kwa siri!" kijana alisema. "Uliniuliza ni kitu gani kinanitisha kuliko vyote, nikakwambia ni mama mkwe wangu. Sikukwambia ukamtafute!"

Daktari alimtazama kijana, akamtazama Bi Ndimu. Kutoka chumba cha pili mashine ililia tii-tii-tii kama inayodai ufafanuzi.

"Huyu ndiye mama mkwe wako?"

"Ndiye mwenyewe!" Hapo adabu ikamrudia. Akanyoosha shati, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Na hapo ndipo Bi Ndimu aliposhindwa. Mtikisiko ulianza mabegani. Mwanafunzi wa udaktari alidhani mama amepatwa na kifafa, akamshika mkono apime mapigo. Lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, kikubwa, cha kukwama na kukoroma, kama bomba lililokauka kwa muda mrefu linaporudiwa na maji. Machozi yakamtoka. Akaketi, akainuka, akaketi tena. Mkwewe hakuwahi kukiona kitu kama hicho, na kwa kuwa hakujua afanye nini, naye akacheka, kwanza kwa woga, kisha kwelikweli.

Daktari aliwatoa nje, akawaombea chai. Bi Ndimu alimuuliza kijana kwanza kama angependa akae naye au aende zake.

"Kaa tu, mama."

Wakakaa. Kijana alizungusha kikombe mikononi. "Ile simu," alisema baadaye. "Hakuna aliyekuwa anapiga. Naitegesha kengele mwenyewe kabla ya kuingia. Nikitoka nje nazunguka nyumba mpaka moyo utulie. Naona kama nakufa, mama. Sikudanganyi. Na si wewe tu. Ni mikutano, ni lifti, ni mtu kunigongea kioo cha gari ghafla. Ila wewe uko juu."

"Juu ya lifti?"

"Juu ya lifti, mama."

Bi Ndimu aliweka kikombe chini. Alikuwa amemwita mtu mwenye majivuno, kumbe mtu mwenyewe alikuwa anazunguka ukuta wa nyumba yake akitafuta pumzi. Jambo hilo lilimchoma kuliko alivyotegemea.

"Mkeo anajua?"

"Anajua sipendi lifti."

"Basi yaliyobaki utamwambia wewe, siku ukiwa tayari. Mimi humu nimeapa. Hata baba mkwe wako hatalisikia, na unajua kumnyima yule habari ni adhabu kwangu."

Matokeo ya siku hiyo yalifutwa. Daktari aliyafuta kwa uchungu, maana mchoro wa namna ile, alisema, hakuwahi kuuona. Kijana alibaki kwenye utafiti kwa upande wa damu na mate tu, bila simba, na akaanza kuonana na mshauri wa kitengo.

Jumapili iliyofuata alikuja na mkewe kula. Bi Ndimu, kwa nia njema, alikuwa amekesha mbele ya kioo akijifunza kutabasamu. Alimpokea mlangoni na tabasamu hilo. Kijana akaangusha funguo.

"Mama," alimnong'oneza walipobaki wawili, "naomba urudi kwenye uso wako. Ule angalau nimeanza kuuzoea."

"Nyinyi wawili mna nini?" binti aliuliza alipowakuta jikoni wamebanana, wanaziba midomo wasicheke.

"Mambo ya kazi," mama yake alijibu, na kwa uso ule, nani angebisha?

Haukupita mwezi kijana mwenyewe akamwambia mkewe yote, mpaka habari ya kengele. Mkewe alilia kidogo, akampiga na mto kidogo. Mshauri naye alimpa kazi za nyumbani: akisogelee kinachomtisha kidogo kidogo, akae nacho mpaka moyo ushuke wenyewe. Basi akawa anaiacha simu ndani ya gari, anaketi mezani kwa mama mkwe, jasho linamtiririka, anakaa. Siku nyingine ilishindikana akatoka. Sahani yake ilifunikwa, ikamsubiri.

Kisha ikatangazwa nafasi ya mkuu wa wapima ardhi kazini kwake. Akaja kwa Bi Ndimu kufanya mazoezi ya usaili. Mama alivaa koti lake jeupe, akakaa kiti cha mbele, akamkazia macho. "Bado una muda. Endelea." Alimkaanga hivyo jioni baada ya jioni, mpaka kijana akaweza kujieleza mwanzo mpaka mwisho huku sauti ikitetemeka pale mwanzoni tu.

Siku ya usaili alirudi ameinamisha shingo.

"Walikuwa wanatabasamu, mama! Wote! Mmoja akanimiminia maji, akaniambia nijisikie nyumbani. Hakuna aliyenitayarisha kwa hilo. Nimesahau hata jina la kifaa changu cha kupimia."

Nafasi ile akapewa mwingine. Lakini miezi michache baadaye ikatokea nafasi kama hiyo idara nyingine, na safari hii Bi Ndimu alimwita mumewe kutoka kwenye redio zake, akamkalisha kando yake na kumwamuru atabasamu mfululizo bila kusema neno. Kutabasamu hakukumshinda. Kunyamaza ndiko kulikomtoa jasho, na kila baada ya muda alijikohoza na kumwomba mkwewe afupishe maelezo, mashavu yanamuuma.

Kazi hiyo ya pili kijana aliipata.